Lenzi ya Namba Kubwa

Nikimkumbuka kaka yangu Melkizedeki alivyoegemea kaunta ya Hamidu, muuza kamera pale Same, damu inanichemka. Kamera yenyewe wala haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wake, wifi yangu Honorata, ambaye amepiga picha za harusi na kipaimara katika karibu kila kanisa la Upare Kusini. Kamera yake ya zamani ilikuwa imekufa, na hela ya mpya aliitafuta kwa jasho lake. Kaka na mimi tulimsindikiza tu.

Wifi alijua anachotaka. Kanisani mpiga picha haruhusiwi kusogelea madhabahu, kwa hiyo lenzi lazima ivute mbali. Lakini nyumba zetu za mlimani zina ua mdogo, na mgongoni kwa mpiga picha ni bonde, hana pa kurudi nyuma. Hapo inatakiwa lenzi inayopanuka ichukue ukoo mzima.

"Nipe inayoanzia kumi na nane ifike mia moja arobaini," alimwambia Hamidu. "Ikianzia namba ndogo ndiyo inaenea watu wengi."

Hamidu akamgeukia kaka. "Bosi, ipo na hii, sabini mpaka mia tatu."

Kaka akaiweka jichoni, akaielekeza barabara kuu, akasoma namba ya lori lililokuwa mbali kabisa. Basi, akili zikamruka.

"Mia tatu, Mama Agape! Hiyo yako ya watoto."

"Baba Agape, mimi sipigi picha malori."

"Tufungie hii ndefu," kaka akasema, na yule mshenzi Hamidu akafunga, utadhani mwenye hela hakuwepo dukani. Wifi akahesabu hela zake akalipa.

Sasa, mama yetu, Lukia, anakaa Mhezi, huko mlimani, nami nakaa naye na mwanangu tangu niliporudi kutoka kwenye ndoa. Daktari alishamwambia macho yanakwenda, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Akaomba kitu kimoja tu: picha ya watoto na wajukuu wake wote, aione angali anaona. Jumamosi moja tukakusanyika.

Kwetu picha ya ukoo ina mpangilio wake. Watoto wa kiume husimama nyuma ya mama kwa mfuatano wa kuzaliwa, wake zao kando yao, na binti aliyerudi nyumbani huwekwa pembeni kabisa. Pembeni ndipo nilipokuwa, nimembeba mwanangu.

Wifi alirudi nyuma mpaka kisigino kikafika ukingoni. Lenzi ikaona watu wa katikati tu. Tukabanana safu nne, bado. Akajaribu kwa simu, sisi wa pembeni tukatoka vichwa virefu kama mapapai, mama akaisogeza karibu na jicho akasema hawa siwajui.

Kaka akapaza sauti kutoka pale katikati. "Asteria, toka na mtoto. Ninyi mtapigwa yenu baadaye."

Kabla sijafungua mdomo, wifi alishusha kamera.

"Asteria haendi popote. Atoke aliyechagua lenzi."

"Nani? Mimi, mtoto wa kwanza?"

"Wewe, Baba Agape. Una mabega mapana, ukitoka wanaingia wawili."

Alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Wadogo zake wakaangalia viatu vyao. Akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba peke yake, amenuna. Sikumhurumia hata kidogo. Tukasogeleana, nikaingia na mwanangu, wifi akainua kamera.

"Acha," mama akasema. "Mimi niliomba wote."

Wifi alikuwa analia, na yalikuwa machozi ya hasira, nayajua. Akachomoa lenzi, akaitupia kwenye mkoba, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kushuka njia ya kwenda kutafuta gari la Same, kwa Hamidu.

"Mama Agape! Watu wote hawa unawaacha, unakwenda wapi?" kaka akafoka, na tayari alikuwa anatoka kwenye migomba kumfuata.

Mama akamzuia kwa fimbo yake.

"Wewe kaa hapo. Mwache akachague mwenyewe. Macho yangu hayana muda wa kukusubiri wewe ujifunze."