Fundo la Nanga Halikaguliwi

Pale ghalani walimwita Nanga, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Mzigo aliofunga yeye haukusogea. Lori lingepita kwenye mashimo, lingepanda milima na kuishuka, na likifika linakokwenda magunia yangekutwa palepale yalipoachwa. Miaka kumi na minane alifunga kamba juu ya turubai, na kila dereva mgeni aliyetaka kuvuta fundo ili ahakikishe, Nanga alimwondoa mkono. "Fundo langu halikaguliwi, bwana. Panda uendeshe."

Basi Alhamisi mzigo ukaporomoka.

Lori lilikuwa halijafika hata barabarani. Lilikata kona kutoka getini, kamba ya nyuma ikaachia, na mbao zikamshukia mpakiaji mmoja aliyekuwa anapita zake. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Kamba za mzigo ule zilikuwa mbili na wafungaji walikuwa wawili: Nanga, na mwenzake mmoja mrefu, asiyependa maneno, ambaye kila mtu alimwita Kimya. Siku hiyo walikuwa wamefunga malori tisa, wakikimbizwa, wakibadilishana pande. Ukimuuliza Nanga nani alimaliza kamba ya nyuma ya lori la tisa, angekujibu kwa kiapo, na moyoni asingekuwa na kumbukumbu yoyote.

Msimamizi aliwapa mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Mmoja wao, alisema, atarudisha kitambulisho cha kazi na kwenda zake, na afadhali mwenye fundo ajitokeze mwenyewe. Kisha akawatumia wote wawili picha kwenye simu. Fundo lililoachia halikuacha alama, lakini chini yake kwenye kamba ileile lilibaki lingine, la mkono uleule, na ndilo lililopigwa picha.

Nanga aliitazama ile picha mara moja tu, kwa jicho la mtu aliyekwisha amua. Akaanza kusema. Alisema Ijumaa, akasema Jumamosi, mpaka mate yakamkauka: si mimi, fundo langu nalijua. Kimya alipoulizwa alijibu kwamba neno lake atalitoa Jumatatu. Na watu nao, mtu akinyamaza, humjazia maneno wenyewe. Kufikia Jumamosi jioni ghala zima lilikuwa limeshamfukuza Kimya.

Jumapili alasiri ilimkuta Nanga sebuleni kwake akizunguka kati ya dirisha na mlango. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni na furushi la kamba nyeupe za pamba. Mama huyu ni msafishaji kwenye zahanati, na pale wanaposubiri wagonjwa pananing'inia chungu cha maua ndani ya wavu wa kamba, kitu ambacho wenye mambo yao wanakiita makrame. Wiki nzima alikuwa akipiga deki huku shingo ameielekeza juu, akihesabu nyuzi. Hakufanya hivyo kwa ajili ya mapambo tu. Mjukuu wao, ambaye binti yao humleta kila Jumatatu asubuhi, alikuwa amejua kutambaa, na udongo wa chungu cha ua kilichokaa sakafuni karibu na dirisha alikuwa ameshaula mara mbili.

"Baba watoto, utatoboa sakafu," alisema. "Wewe si ndiye fundi wa kamba? Njoo kaa hapa. Mikono ikishughulika, mdomo utapumzika."

"Hizo ni kamba za kuchezea."

"Basi cheza. Kesho mtoto atakuwa anapita chini ya chungu hiki, nataka kishike."

Akakaa. Mkewe alikuwa ameshakata kamba nane, kila moja ndefu kupita urefu wa mumewe mara mbili, akazikunja katikati na kuzipitisha kwenye pete kuukuu ya pazia. Zikawa nyuzi kumi na sita, akazigawa nnenne: mikanda minne itakayobeba chungu. Pete ikatundikwa kwenye komeo la dirisha.

"Katika kila nne, mbili za katikati zinakaa tu," alieleza. "Za pembeni ndizo zinazofunga. Unaanzia kushoto, halafu kulia. Kushoto, kulia. Ukienda hivyo, mkanda unalala."

"Unanifundisha mimi kufunga fundo?"

"Nakufundisha kufunga langu."

Waligawana mikanda miwili miwili. Kwa muda Nanga alifunga kwa utulivu, vidole vyake vinene vikienda bila kuulizwa, na kusema kweli mwanzo wa mkanda wake ulikuwa mzuri kuliko wa mkewe. Mkewe alinyoosha mkono aushike, naye akaukwepesha. "Langu halikaguliwi." Wakacheka kidogo, kicheko chao cha kwanza tangu Alhamisi.

Kisha simu ikaita. Alikuwa mtu wa ghalani, anamwambia asiwe na wasiwasi, kesho ni ya Kimya. Nanga akaiweka simu chini na moto wake ukawaka upya.

"Ananyamaza kwa sababu anajua," alisema, mikono ikifunga. "Mtu safi hanyamazi. Miaka tisa nafunga naye, nimemvumilia, mtu mzito kama gunia lenye maji. Mimi naenda haraka, yeye anabaki nyuma akishikashika kamba kama kipofu anayetafuta mlango. Leo amevunja mguu wa mtu, na mimi ndiye ninayekosa usingizi. Wanitoe mimi, na umri wangu huu, hamsini na mbili? Nani ataniajiri mimi?"

Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Alimaliza mkanda wa kwanza, akafunga wa pili wote. Mkewe alikuwa ameacha kufunga. Alikuwa anaangalia.

"Mbona yako inajikunja?" aliuliza.

Nanga akatazama. Mikanda ya mkewe ilikuwa imelala bapa, moja kwa moja mpaka pale alipofikia. Wake wa pili ulikuwa umejisokota wote kama nguo iliyokamuliwa. Wa kwanza ulikuwa bapa kwa kiasi cha shubiri, halafu nao ukaanza kuzunguka.

"Kamba mbovu," alisema.

"Kamba ni moja. Umeacha kubadilisha. Kushoto, kushoto, kushoto." Mkewe alishika mkanda wa kwanza, akaufuata kwa kidole toka juu, akasimama pale ulipoanza kusokota. Alisema polepole, hakuwa na nia ya kumchoma. "Hapa ndipo ulipoanza kumsema Kimya."

Nanga alikumbuka Alhamisi, na ugomvi wake na dereva kabla ya lori la tisa, matusi waliyorushiana, na jinsi alivyopanda juu ya mbao huku bado anafoka. Zaidi ya kufoka hakukumbuka kitu.

Akachukua simu akaifungua ile picha. Safari hii aliitazama. Akaikuza kwa vidole viwili mpaka kamba ikajaa kioo kizima: fundo limekaa upande, limejikunja, kushoto juu ya kushoto. Mfungaji yeyote anajua kwamba fundo la namna hiyo kwa macho huonekana limekaza, lakini huteleza mzigo ukilivuta. Aliisogeza simu karibu na mkanda wake: ulijikunja vilevile.

Ghafla akailaza simu kifudifudi pajani. Nitakwambia kilichopita kichwani mwake, maana yeye mwenyewe hajakificha tangu hapo. Alifikiri: picha haina jina. Alifikiri: saa mbili asubuhi si mbali, na nikikaa kimya itapita. Akaona aibu, na aibu haikumwondolea hofu hata chembe.

"Nionyeshe," alisema mkewe.

"Ya kazini tu."

"Baba watoto. Nionyeshe."

Akampa. Mkewe alitazama picha, akatazama mkanda, akarudisha simu. Hakumwambia la kufanya. Aliokota mkanda wake ambao ulikuwa haujaisha, akaendelea, na midomo yake ilionekana ikisema kushoto, kulia. Nanga angependa agombezwe. Ukimya ule ndio uliomshinda.

Akampigia Kimya. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Ndugu yangu," alisema Nanga. "Lile fundo. Ni langu."

"Najua," alisema Kimya.

"Umejua lini?"

"Tangu Alhamisi. Fundo lako nalijua, Nanga. Ukiwa na hasira unarudia upande mmoja. Ulianza kitambo."

"Kitambo gani? Miaka yote hii mzigo wangu haujawahi kuachia."

"Haujawahi," Kimya alikubali. "Kwa sababu napita nyuma yako. Ukishuka, mimi nafungua nafunga upya. Alhamisi msimamizi aliniita upande wa mbele, niliporudi lori limeshaondoka. Hilo nami linaniuma."

Nanga alikaa na simu sikioni. Miaka tisa ya kushikashika kamba kama kipofu. Jina lake lote, lile ambalo madereva walilitaja kwa heshima, nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye ambaye Nanga alishinda siku tatu akimchafua mbele za watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali kukaguliwa?" Kimya aliuliza, wala hakungoja jibu. "Nilikuachia mpaka kesho. Ungefika pale ukasema tena si wewe, ningesema mimi. Nina watoto."

"Ungefanya sawa."

"Mpigie msimamizi," alisema Kimya, akakata.

Alimpigia akiwa amesimama, kama vile msimamizi yuko mle chumbani. Alisema kwamba fundo ni lake, kwamba Kimya hana hatia, na kwamba maneno yote aliyoyasema tangu Ijumaa ayafute. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia aje saa mbili, na aje na kitambulisho chake.

Nanga akaweka simu juu ya meza. Alirudi sakafuni, akaanza kufungua mikanda yake miwili, fundo moja moja kwa kucha, mpaka nyuzi zikabaki tupu zenye mawimbi. Akafunga upya. Kushoto, kulia. Alitamka kila neno kwa sauti kama mtoto anayejifunza kusoma, na mara mbili alikosea akarudia. Wakaunganisha nyuzi za mikanda chini, wakazikusanya pamoja, wakazizungushia kamba ya mwisho na kuikaza. Chungu kikaingia kwenye wavu wake, na Nanga akakitundika kwenye kulabu ya darini.

Mkewe alisogeza kigoda akapanda. Alianzia juu kwenye pete akashuka na mkono wake, mkanda wa kwanza, wa pili, fundo baada ya fundo, akivuta kila moja. Alipofika kwenye mikanda ya mumewe alisita, akamtazama.

Nanga akakishika kigoda kisitikisike. "Vuta," alisema. "Vuta kwa nguvu."