Kengele ya Kituo cha Mabasi

Nina ugonjwa wa kuwahi. Kazi yangu huanza saa nane mchana, lakini saa nne asubuhi nimeshatoka Ngara, viatu nimevipiga rangi mara mbili, natembea kwenda kituo cha mabasi mjini kana kwamba kuna mtu ananisubiri huko na saa mkononi. Nafanya kazi Adams Arcade, katika duka dogo la uchapishaji. Nasoma kadi za harusi na matangazo ya mazishi kabla hayajachapwa, natafuta makosa. Kwa ugonjwa huo wa kuwahi, mwaka mzima nimekuwa abiria wa kwanza kuingia katika basi tupu.

Saa hizo basi haliondoki mpaka lijae, na halijai upesi. Hapo ndipo nilipokutana na mzee.

Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye koti la kahawia na sanduku dogo mapajani, siku zote kiti cha pili, dirishani, upande wa mlango. Siku ya kwanza alinikuta nikisahihisha kwa penseli tangazo lililobandikwa mgongoni mwa kiti.

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, mzee. Niliishia kidato cha pili. Najifundisha mwenyewe."

"Basi kaa hapa nikufundishe kituo."

Akanifundisha, akinionyesha kwa kidole kupitia dirishani. Pale penye choo cha kulipia palikuwa na ofisi ya vitu vilivyopotea, yenye miavuli ya kutosha mji mzima. Pale wanapopokea vifurushi vya kupeleka mashambani, karani alifunga kila mzigo kwa uzi na lakiri, na ukifika umefunguliwa, yeye ndiye aliyejibu. Palikuwa na ubao wa saa za kuondoka, ukiandikwa kwa chaki kila alfajiri. Palikuwa na benchi la akina mama wenye watoto, na mwanamume aliyelikalia alizomewa hadi akainuka. Na palikuwa na kengele ya shaba juu ya nguzo. Mlinzi aliivuta kamba yake mara tatu, na basi likaondoka, liwe limejaa au halina mtu. Kila alipofika hapo mzee aliinua mkono na kuvuta kamba isiyokuwepo.

Mimi ambaye maisha yangu yote nimesubiri magari yajae, niliipenda kengele ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Nikaandika. Miezi mitatu, madaftari mawili. Mama mmoja wa Kilimani, anayetoa kijarida kuhusu mitaa ya Nairobi, aliziona kurasa zangu siku alipoleta kazi yake dukani. Akaniambia nimpe makala kamili ifikapo Ijumaa. Kingekuwa kitu changu cha kwanza kuchapwa kwa jina langu. Sehemu ya kengele niliiandika mara kumi na saba.

Lazima nikiri jambo. Kila mkaazi wa mji huu anajua kuna wajazaji, watu wanaolipwa kidogo wakae ndani ya gari na kujifanya abiria, ili walio nje waone linakaribia kujaa nao waingie. Likijaa kweli, wanashuka mmoja mmoja. Nilijua hayo, na nilijigamba kwamba naweza kuwatambua: vijana, begi tupu, macho kwenye simu. Mzee naye alishuka kila siku kabla basi halijaondoka. "Kifua changu hakipendi gari likijaa," aliniambia. "Nitachukua linalofuata." Mimi ninayeona nukta iliyokosekana katika kadi ya harusi niliyaamini maneno hayo miezi mitatu.

Alhamisi, siku moja kabla ya kukabidhi makala, alishuka kama kawaida. Dirisha lilikuwa wazi. Kamagera, yule jamaa mnene anayeita abiria mlangoni, alimtia noti kiganjani.

"Shika yako, mzee. Na hii ya kijana wako."

"Asante. Kesho tuko wawili tena."

"Huyo wako ni noma. Hata hashuki! Mjazaji anayelipa nauli, umeona wapi?"

Wakacheka, wakagongana mabega.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka kamagera akinipa njia kwa heshima ya dhihaka. "Ai, wa daftari! Leo umeshuka? Umejua kazi sasa!"

"Mimi si mjazaji."

"Kwani wewe ni nani? Saa nne uko ndani, saa tano uko ndani. Wewe ni kiti yangu, buda."

Nikamgeukia mzee. "Ulikuwa unalipwa kwa ajili yangu?"

"Ungekaa tu hata bila mimi," alisema bila kuona haya. "Mtu anayewahi hivyo ni mali inayopotea bure. Mimi niliiokota."

"Na hadithi zote zile?"

"Gari likikawia watu wanashuka. Wakiwa wanasikiliza, wanakaa."

"Kengele ilikuwepo?"

Alihamisha sanduku kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Lilining'inia jepesi, halikuwa na kitu ndani. "Kijana wangu, mimi nilikuambia habari za ubao wa chaki. Wewe ndiye uliyeniuliza kama hapakuwa na kengele. Kesho yake ukauliza tena. Mara ya tatu nikaona nisikunyime."

Ni kweli. Swali liko kwenye daftari la kwanza, kwa mwandiko wangu wa kujivunia: *Je, hapakuwa na kengele?* Noti ile ningeweza kuisahau. Hili siwezi.

Siku hiyo nilikwenda kazini kwa miguu. Dukani nikaitoa makala na kukata kila kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Miavuli ikaenda, karani na lakiri yake wakaenda. Benchi la akina mama nililionea huruma, lakini nalo likaenda. Kengele niliiacha ya mwisho. Kati ya kurasa tisa ukabaki mmoja: choo cha kulipia, vifurushi, mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha, na mabasi yanayongoja.

Ijumaa mama wa Kilimani aliusoma akiwa amesimama.

"Kengele iko wapi?"

"Sina hakika kama ilikuwepo, mama."

"Ni nani atakuuliza? Irudishe, Jumatatu nachapa."

"Siwezi."

Akanirudishia karatasi. "Basi hii si historia. Hii ni orodha ya vitu." Haikuchapwa. Nilitamani anisifu hata kidogo kwa kusema kweli. Hakunisifu.

Wiki iliyofuata nilijilazimisha kutoka Ngara saa sita na nusu. Nilipofika basi lilikuwa karibu kujaa, na mzee yuko dirishani. Kando yake alikaa msichana mwenye koti jeupe la wanafunzi wa uuguzi, amelikunja mapajani. Mkono wa mzee ulikuwa juu, unavuta kamba. Aliniona, na hakushtuka. Akagonga kiti cha mbele yake kwa kiganja, kunikaribisha kama zamani.

Nikabaki nje hadi basi likajaa naye akashuka. Tulipishana mlangoni.

"Leo umechelewa, mwandishi," alisema.

Kiti kilichobaki kilikuwa chake. Nilikaa, nikakikuta bado kina joto. Msichana akanigeukia.

"Samahani, unamjua yule mzee? Ameshuka kabla hajaniambia kengele iliishia wapi."

Nilijua iliishia wapi. Nilikuwa nimeiandika kurasa mbili nzima, bila kosa hata moja. Nikamwambia sijui.