Ekzosi Niliyoikaza Mwenyewe

Watu wa Pap Onditi sina haja ya kuwasimulia habari hii, wao waliiona kwa macho yao, na wako wengine ambao mpaka leo nikipita sokoni wananiita kwa jina ambalo sitalitaja hapa. Nawasimulia nyinyi ambao hamkuwepo, na mkitaka kucheka chekeni mwanzoni tu, maana huko mbele mimi mwenyewe bado sijaweza.

Miaka hiyo, mwanzo mwanzo wa sabini, nilikuwa karani wa mizigo pale bandarini Kisumu, kijana, sina mke, nakaa chumba kimoja Nyalenda, na nilikuwa na gari. Na si gari tu, gari ya spoti, nyekundu iliyopauka, milango miwili, viti viwili, imelala chini kama kenge, na turubai la juu unalikunja nyuma ukitaka upepo. Niliinunua kwa Mhindi mmoja wa duka la vitambaa aliyekuwa anahamia Uingereza na familia yake, akawa anauza kila kitu haraka haraka mpaka vitanda. (Mvua ikinyesha ilibidi niiache barabara kubwa, niingie Nyalenda kwa miguu nimeshika viatu mkononi, lakini hiyo watu wa kazini hawakuijua.)

Baba yangu, Mzee Okelo, alikuwa mtu wa barabara. Simaanishi dereva. Alikuwa kibarua, yeye na wenzake ndio waliomwaga murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kuishindilia kutoka Katito kuteremka Pap Onditi wakati wa mkoloni, kwa sururu na karai, na maisha yake yote barabara ile aliipita kwa miguu au juu ya lori, amekalia changarawe. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, sokoni watu walikuwa wanasikia kicheko kwanza halafu ndiyo wanageuka wanasema, Jaduong' Okelo, yaani Mzee Okelo, amefika. Sasa mwaka ule akashikwa na ugonjwa wa tumbo, akalazwa hospitali Kisumu, akakaa huko muda mrefu, na akaisha. Sijui niseme vipi. Alibaki kichwa na mikono.

Siku moja daktari akaniita kando akaniambia nimpeleke nyumbani akae na watu wake.

Nikarudi kitandani nikamwambia Baba kwamba tunaenda nyumbani.

"Utanipeleka na nini?" akaniuliza.

"Na gari yangu, Baba."

Akafikiri. "Ile ya kukaa chini?"

"Ndiyo hiyo."

"Mtu akikaa ndani anaonekana kutoka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka kifuani kwenda juu. Akasema, "Hiyo ni sawa. Mwambie mama yako atume koti yangu nyeusi na kofia. Na tupite siku ya soko."

Nilitoka pale nikasimama kwenye korido, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa. Ile koti ilikuwa nzito, mabega yake yanasimama yenyewe hata bila mtu ndani. Alitaka apite katikati ya soko amekaa mbele, koti na kofia, ainue mkono, na watu waseme Mzee Okelo amerudi, basi, halafu mlango wa nyumba yake ufungwe na mengine yawe ya mama na yake.

Sasa gari yenyewe. Ilikuwa imeanza kulialia chini, krr krr krr, hasa ukipanda mlima. Nikaipeleka kwa kampuni iliyokuwa ikiuza gari za aina ile mjini, fundi mkuu wao, Mzungu mmoja wa kaptula na soksi ndefu, akaingia chini, akatoka, akafuta mikono na kuniambia kwamba bolti zinazoshika ekzosi kwenye injini zimelegea, zingine hazipo kabisa, zinatakiwa mpya zote pamoja na gasketi yake, ile ya kuziba moshi usivuje. Akaandika bei kwenye kikaratasi. Nilipoisoma nilidhani amechanganya na bei ya gari.

"Ni bolti tu?" nikamwuliza.

"Ni bolti tu," akasema, "lakini ni za gari hii. Zinatoka Nairobi."

Naomba hapo mnielewe vizuri. Pesa nilikuwa nayo. Ila nilikuwa nimeshaipangia kazi nyingine, kupaka gari rangi upya, nyekundu inayong'aa, kwa sababu nilikuwa naona picha ya Baba akipita sokoni ndani ya gari iliyopauka na picha hiyo sikuipenda. Rangi watu wataiona. Bolti iko chini, nani atainama kuitazama? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi mtu wa kusoma, karani.

Rafiki yangu Were, tuliyefanya naye kazi ghala moja, alinimaliza kabisa. "Omera, ndugu yangu, wanakuibia," akaniambia. "Bolti ni bolti. Chuma haijui kama imetoka Nairobi au imetoka Kibuye."

Basi gari ikaenda kwa mpaka rangi, na mimi na Were tukaenda Kibuye kwa wauza vyuma vikuukuu, tukachagua bolti kutoka kwenye bakuli kama watu wanaochagua nyanya, zingine nafikiri zilikuwa za jembe la kukokotwa na ng'ombe. Jumamosi mchana nikatandika gunia chini, nikainua gari kwa jeki, nikaingia. Bolti ya kwanza ilikuwa nene, ya pili fupi, ya tatu ilikubali kuingia, nikafurahi, nikaikaza na spana, nikaongezea spana kipande cha bomba ili nipate nguvu zaidi, nikaikaza tena, ikalia tik, nusu ikabaki mkononi na nusu ikabaki ndani. Were akasema hiyo si neno, tutafunga waya. Tukafunga waya wa ua, tukazungusha na kuzungusha mpaka ekzosi ikawa kama mguu uliovunjika. Gasketi nilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nilipoiwasha ilinyamaza kama paka, na Were akapiga makofi, na mimi nikasimama pale nikiwa na oili mpaka masikioni, najiona injinia.

Siku ya soko ikafika. Mama, aliyekuja mwenyewe kuleta koti na kofia, alikuwa ametangulia kurudi na basi pamoja na vitu vya hospitalini, kwa vile gari haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Nesi alinisaidia kumvalisha Baba. Mkanda wa suruali haukumfaa tena, hata tundu la mwisho lilikuwa mbali naye, kwa hiyo nesi akaifunga suruali kiunoni kwa kitambaa cha bandeji na kuificha kwa koti. Tukamkalisha mbele. Nikakunja turubai. Baba akaweka kofia, akapitisha kiganja juu ya mlango ule mwekundu, taratibu, akasema, "Twende."

Ile safari mpaka Ahero sitaisahau. Aliangalia mashamba ya mpunga, aliangalia watu wa baiskeli tuliowapita, kila mara anainua mkono kidogo. Aliniambia habari za kambi zao za kazi, nani alikuwa anapika, nani alikuwa mvivu. Kicheko chake kilikuwa kimerudi, kidogo, lakini nilikijua.

Tulipoacha lami tukaingia murram, nikasikia krr. Nikajifanya sikusikia. Mbele kidogo ikawa krrr, halafu ikawa ngurumo.

"Ni kitu gani hiyo?" Baba akauliza.

Hapo ndipo ningesimama. Kulikuwa na kivuli, kulikuwa na nafasi, waya nilikuwa nao kwenye buti ya gari. Lakini niliogopa kuchafua shati na niliogopa aone nilivyofunga.

"Ni nguvu ya injini, Baba," nikasema. "Gari za spoti ndivyo zinavyolia."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na kila tulipopita mtu anayemjua akawa anamwambia kwa Kijaluo, "Hiyo ni nguvu ya injini."

Tukaingia Pap Onditi tukinguruma, Baba bado akiwatangazia watu nguvu ya injini. Soko limejaa, upande mmoja ng'ombe na mbuzi, upande mwingine akina mama wa vyungu wamevipanga mpaka ukingoni mwa barabara. Watu wakageuka. Nikapunguza mwendo, kama alivyotaka, na Baba akavua kofia akainua juu, na nikasikia mtu akisema, "Si ni Jaduong' Okelo?" na mwingine akaitikia, "Ni yeye mwenyewe, amepona." Nilimwangalia Baba. Uso wake siku hiyo, kama kungekuwa na mpiga picha.

Halafu waya ukakatika. Ekzosi ilianguka upande wa mbele, ikachoma ardhi kama mkuki, gari ikaruka, ikagonga chini, ikazima kwa mlio ambao watu walidhani ni bunduki. Mimi kifua kikapiga usukani. Kofia ya Baba ikaruka. Ng'ombe mmoja akakata kamba akakimbia, wengine wakamfuata, na walipita wapi kama si katikati ya vyungu, na vyungu vikawa vigae, na moshi mweusi ukapanda kutoka chini ya gari ukatufunika sisi wawili. Watu walipoona hakuna aliyekufa wakaanza kucheka. Siwalaumu, na mimi ningecheka. Mmoja akapaza sauti, "Hiyo ndiyo nguvu ya injini?" na soko zima likalipuka.

Baba akaanza kukohoa. Moshi ulikuwa unamuua. Nikazunguka mbio, wanaume wawili wakaja kunisaidia, tukamshika makwapani tukamwinua kumtoa nje, na tulipomsimamisha ile bandeji ikafunguka. Suruali ikashuka mpaka kwenye viatu.

Kicheko kikakatika. Miguu yake ilikuwa miembamba kama ya mtoto, magoti tu ndiyo makubwa. Alisimama pale katikati ya soko, koti ya mtu mkubwa juu na miguu ile chini, na hakuwa na nguvu ya kuinama. Watu wazima wakaangalia chini. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, sikujua la kufanya, nakiri, nilisimama tu.

Aliyefanya kitu alikuwa Mama Awino, ambaye vyungu vyake ndivyo vilivyovunjika. Alikuja huku anafungua leso kiunoni mwake, akapiga magoti mbele ya Baba, akamzungushia leso, akaifunga vizuri, akasimama akamwambia kwa upole, kama mtu aliyekutana naye njiani, "Karibu nyumbani, Jaduong'." Halafu akamwita mume wake alete mkokoteni wa ng'ombe waliobebea vyungu.

Hivyo ndivyo baba yangu alivyofika nyumbani, kwenye mkokoteni, juu ya majani makavu, amefungwa leso ya maua. Mimi nilitembea kando, nimeshika ubao. Njiani aligeuka akaitazama gari kule nyuma, jinsi ilivyoinamia upande.

"Wale wa kampuni ndio waliitengeneza hivyo?" akaniuliza.

"Hapana, Baba. Ni mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Nilitaka ipakwe rangi."

Akaitazama tena.

"Ni rangi nzuri," akasema.

Gari ilivutwa na lori kurudi Kisumu. Nikaenda kwa yule Mzungu wa kaptula, nikalipa bei ile ile bila kuuliza (hakucheka, alisoma tu ule waya wangu kwa vidole, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba), nikangoja bolti zitoke Nairobi, na mara tu zilipofungwa nikawasha gari nikaenda nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa na mpango. Nilisema nitamwomba Baba tupite sokoni tena, mara moja tu, kimya kimya, na koti lake.

Nilimkuta kitandani. Kukaa hakuweza tena. Mama alikuwa amemshika mkono, akamwambia sikioni, "Mtoto wako amekuja na gari."

"Imepona?" Baba akauliza.

"Imepona, Baba. Imetengenezwa na wenyewe."

"Ilete hapa. Iwashe niisikie."

Nikaisogeza mpaka chini ya dirisha, Mama akafungua dirisha lote. Nikawasha. Injini ilikuwa laini, ungeweza kuongea juu yake bila kupaza sauti. Nikaiacha inanguruma pole, nikaingia ndani.

"Washa," Baba akasema.

"Imewashwa, Baba."

Akatega sikio. Mama akanitazama, kwa sababu yeye aliisikia na mimi niliisikia.

"Siisikii," akasema.

Nikatoka nikakanyaga mafuta, kuku wakakimbia, nikarudi nikainama karibu naye.

"Hata sasa, Baba?"

"Hata kidogo." Akafumba macho. "Basi walikaza vizuri."

Soko lililofuata hakulifikia. Kwenye matanga watu walisimulia habari ya nguvu ya injini, kwa upendo, najua, hata Mama alitabasamu, na mimi nikatoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka wakamaliza.

Gari niliiuza mwaka huo huo. Nimekuwa na zingine baada yake, za kawaida, na spana sijashika tena. Nikiombwa kumbeba mgonjwa kumrudisha kwao, gari inakwenda kwanza kwa fundi, na ikitoka kwa fundi mimi nainama chini na tochi nikaangalia bolti moja moja, halafu namwita fundi aangalie mara ya pili, na wenye mgonjwa wanakasirika, wanasema huyu mzee anatuchelewesha. Nawaacha wakasirike.