Shimo la Sadoki

Pudensiana hakumpenda shemeji yake Sadoki, na hakujisumbua kuficha. Alitoka Kibosho, akaolewa Nduruma enzi za Mwingereza, akafiwa na mume, akabaki na ng'ombe ambao maziwa yao aliyapeleka mjini Arusha kwa miguu, kwenye mgahawa wa Gulzar. Machoni pake watu wa Nduruma wote walikuwa wavivu. Sadoki alikuwa mvivu, tena mjinga.

Sadoki alikamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu, na huko aliokota jambo jipya. Masika yalipokwisha alichimba shimo refu, akafyeka mahindi yangali mabichi, akayakatakata na mabua yake, akayashindilia kwa miguu, kisha akafunika kwa majani ya migomba na udongo.

"Nayavundika, shemeji," alieleza. "Hewa isipoingia hayaozi. Kiangazi ng'ombe watakula."

"Mwanamume mzima anazika chakula," alisema Pudensiana. "Ungemzika na huyo mzungu wako humo humo, tukapumzika."

Jumapili aliwasimulia wanawake nje ya kanisa, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kiangazi kikaja kikali. Malisho yakawa vumbi. Pudensiana alihangaika mlimani kutafuta migomba, ng'ombe wakaitafuna kwa kujilazimisha, na maziwa yakapungua hadi kibuyu hakijai. Siku moja Gulzar akamwambia kwa upole kwamba sasa anapata maziwa kwingine.

"Kwa nani?"

"Kwa Sadoki, mama."

Alirudi Nduruma akiwa amekunja uso. Alipofika zizini kwake akakuta ng'ombe wake mkubwa amelala, hataki kuinuka. Akachukua tenga, akapita mbele za watu mchana kweupe, akasimama ukingoni mwa shimo. Harufu kali ya uchachu ikampiga puani.

"Nijazie huo uozo wako," alisema. "Mnyama hana akili, labda atakula."

Sadoki alijaza tenga, akashindilia, akamtwika. Pudensiana akamdharau hata kwa hilo.

Ng'ombe alikula akiwa amelala, na kesho yake akasimama.

Masika yaliyofuata yalipokwisha, Sadoki alimchimbia shemeji yake shimo lake mwenyewe. Pudensiana alikaa kivulini siku nzima, akimtazama anavyoshindilia.

"Kanyaga kama mtu aliyekula," alimwambia. "Au nishuke mwenyewe?"

Hakushuka.