Niliyemfukuza kwenye Picha Yangu

Na ndiyo hivyo jamani, ndoa ni tamu, ila leo nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mimi na mume wangu, moyo wangu huyu, tulitembea mkono kwa mkono kutoka Boma la Wajerumani, tukiwaza misafara ya biashara ya zamani, mpaka bustani ya mjini.
Akaenda kuninunulia karanga.
Nikabaki najipiga picha.

Kwenye benchi nyuma yangu alikaa mzee mmoja na kidumu cha asali.
Bila hata shikamoo nikamwambia, "Mzee, hebu sogea, unaniharibia picha."
Akasogea na kidumu chake.

Mume wangu akarudi, akamwona, akainama. "Shikamoo, baba mkubwa!"

Kumbe ndiye aliyeikosa harusi yetu kwa kuugua, ndiyo maana sikumjua. Na asali ile alikuwa anatuletea sisi!

Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Shikamoo, baba."
"Marahaba, mkwe wangu. Kumbe sasa umeniona?" Akacheka. "Njooni kwangu Ntalikwa. Kule siharibu picha."

Mashoga zangu, ninyi mngejificha wapi?

Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Ntalikwa. Nitaanza na shikamoo, na kwenye picha yeye atakaa katikati.