Santuri Bora ya Kariuki

Mimi ni nyanya wa watoto sita na uchafu siupendi. Hapa kwetu Gatitu wote wanajua.

Krismasi hii mwanangu Kariuki alitoka Nanyuki na gramafoni. Marafiki wake wangekuja baada ya ibada, kila mmoja na santuri anayoona imeshinda zote za mwaka huu. Yake Kariuki aliingoja miezi mitatu.

Asubuhi niliikuta mezani, mistari yote imejaa vumbi. Nikaisugua kwa majivu na kipande cha gunia mpaka mistari ikapungua, nikaianika juani pamoja na sufuria, halafu nikairudisha.

Zamu yake ilipofika, santuri ililia kama mbuzi anayechinjwa. Vijana wakacheka. Kariuki akainamisha kichwa.

Nikamkemea rafiki yake Wachira, aliyeiweka kwa gramafoni. "Wewe! Umeharibu kitu ya mwenzako!"

Wachira akainusa. "Mama Kariuki, hii inanuka majivu. Mimi nimetoka kanisani."

Wote wakanigeukia. Kariuki akauliza polepole, "Mama, upande wa pili hukugusa, sivyo?"

Uongo siwezi. "Huo ndio nilisugua zaidi," nikasema. "Ndio ulikuwa mchafu."