Bolti ya Nne ya Noreen

Noreen Tregenza alikuwa mtu wa kumeza mengi. Miaka thelathini na moja aliendesha basi la shule kati ya mji wa Kadina na mashamba ya ngano, akameza makelele, matapishi na barua za wazazi. Lakini siku alipolala chali chini ya gari lake mwenyewe, akaona tundu tupu pale palipotakiwa kuwa na bolti, jambo lilimkwama kooni likagoma kushuka.

Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza la mwaka 1967, dogo, la kijani, halina paa wala adabu. Alilinunua mwaka 1981 kwa mjane mmoja wa mji jirani wa Moonta, likiwa limevunjwavunjwa ndani ya ndoo kumi na nne. Majira manne ya baridi alilijenga barazani, kipande kwa kipande, huku mumewe Clive akimletea chai na kumwuliza kama bado. Clive, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mawaridi. Hakujua tairi linashikwa na nati ngapi. Hata hivyo, siku alipozikwa, wanaume wa klabu ya magari ya kale walimpa Noreen mkono mmoja baada ya mwingine, wakimwuliza atalifanyaje gari la marehemu.

Aliyeuliza kuliko wote ni Lindsay Pascoe, mkaguzi wa klabu. Gari la kale haliruhusiwi barabarani mpaka mkaguzi alipekue mara moja kwa mwaka na kugonga muhuri kwenye kitabu chake. Bila muhuri huo, ni pambo la banda tu. Lindsay naye alikuwa na gari la aina hiyo hiyo, jekundu, ambalo tangu alimalize halijaonja tone la mvua.

Wiki tatu baada ya ukaguzi, gari la Noreen lilianza kugonga. Kila akiachia klachi, ngo, chini ya kiti. Akampigia Lindsay simu.

"Ah, hiyo giaboksi, bibie," alisema Lindsay. "Imekwisha kazi. Ukitaka kuitengeneza utauza na nyumba."

"Umejuaje, na hata hujaisikia?"

"Haya magari mimi nayajua. Umri umekwenda, Noreen, tusidanganyane. Niuzie mimi nilitunze. Jumamosi kwenye chakula cha klabu nitakuja na karatasi za kuuziana, utie sahihi, upumzike."

Siku mbili nzima Noreen alimwamini. Alilipangusa gari vumbi kama mtu anayeosha maiti, akaanza hata kufikiria banda tupu ataliwekea nini. Siku ya tatu hasira zikampanda. Tangu lini yeye, aliyelitoa gari kwenye ndoo, akaambiwa ugonjwa wake kwa simu? Akaliinua kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma, akaingia chini na tochi.

Giaboksi ya gari lile hukalia chuma kipana kinachokatiza chini, ikishikwa na bolti nne. Tatu zilikuwepo. Ya nne haikuwepo, na giaboksi ilikuwa inacheza na kugonga bodi. Sasa, bolti ikilegea yenyewe huacha kutu, matope na meno yaliyolika. Tundu hili lilikuwa safi, limefutwa kwa kitambaa. Mtu aliifungua kwa spana, taratibu, kwa raha zake. Na mwaka huo wote, aliyeingia chini ya gari lile ni Lindsay peke yake, siku ya ukaguzi.

Hapo ndipo Noreen alipokumbuka kikombe. Jumapili iliyopita gari jekundu la Lindsay lilishinda kikombe cha uasilia. Mashindano yenyewe ni ya ajabu: watu wazima wenye wajukuu hulala kwenye majani na tochi, wakisoma vichwa vya bolti. Yenye herufi za kiwanda cha zamani hupata alama, ya dukani hukatwa. Bolti zenye herufi hizo siku hizi hazipatikani, na Noreen alikuwa nazo zote kwa sababu hajawahi kutupa kitu.

Jumamosi alilipeleka gari lake polepole mpaka uwanja wa klabu, mitaa miwili tu, akiwa amevaa gauni la maua, spana mkobani. Gari jekundu la Lindsay lilikuwa limeinuliwa juu ya vigingi vya chuma, kioo kimelazwa chini yake ili kila mtu aone uzuri wa tumbo lake. Noreen aliinama. Bolti tatu zilikuwa nyeusi tii. Ya nne ilikuwa na chembe ya rangi ya njano kwenye pembe. Ndivyo Noreen alivyozitia alama bolti zake zote, kama baba yake alivyomfundisha kwenye mashine ya kuvuna: ukikaza bolti, ipake njano, ujue umeimaliza. Lindsay alikuwa ameisugua, lakini hakusugua vya kutosha.

"Lindsay bwana," aliita, "hii njano umeitoa wapi?"

Watu waligeuka, vipande vya nyama ya kuchoma mikononi.

"Noreen, tusiaibishane mbele za watu," alisema Lindsay kwa sauti ya chini.

"Wewe ulinifanyia nyuma ya watu. Mimi hiyo njia siijui."

"Yangu ilikatika nikiwa naikaza. Nimeagiza nyingine Uingereza, ikija ni yako. Kwani gari lako linashindana na nani? Linakwenda dukani na kurudi."

"Linakwenda. Ndiyo maana linataka bolti."

Wachache walicheka. Hedley Rowe, mwenyekiti wa klabu, aliinua kikombe chake cha chai. "Jamani, tunywe chai kwanza. Haya tutayamaliza kwenye kamati."

Hivi ndivyo wizi unavyobatizwa jina la kutoelewana: watu wema wanataka chai. Noreen hakutaka chai. Alitoa kitabu cha gari lake, akamfungulia Hedley penye muhuri.

"Soma, mwenyekiti. Kwa sauti."

"Limekaguliwa. Salama kwa barabara. L. Pascoe."

"Mkono huo ulioandika salama ndio ulioifungua bolti yangu. Halafu akashika simu, akaniambia giaboksi imekufa, nimuuzie yeye."

Hedley alikiweka kikombe chini. Noreen aliingia chini ya gari jekundu na gauni lake la maua, akatoka na bolti. Alipoinuka, Hedley alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Muhuri, Lindsay," alisema. Akaupokea, akampa Noreen. "Kaa nao wewe. Kamati itakaa, lakini najua itasema nini."

"Basi nipe kitabu chako, Lindsay," alisema Noreen. "Gari lako nimetoka chini yake sasa hivi."

Aliandika akiwa amesimama: giaboksi, bolti moja haipo, lisitembee barabarani. Akagonga muhuri. Kisha aliinua gari lake kwa jeki pale pale kwenye majani, akaifunga bolti ya nne, akaikaza mpaka mkono ukauma.

Alipoliwasha na kuachia klachi, chini ya kiti pakawa kimya. Lindsay alimfuata mpaka getini, kitabu mkononi.

"Sasa mimi nitafikaje nyumbani Wallaroo?"

"Kwa miguu," alisema Noreen. "Hiyo hakuna aliyekufungulia."